Kila mzigo na neno lake

Muulize mwanafunzi yeyote wa skuli hapa Unguja neno la Kiingereza "carry" lina maana gani, atakujibu hata hujamaliza kuuliza: kubeba. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo kamusi yake ndogo inavyosema, na mimi ninayesahihisha karatasi yake nampa alama kamili kwa sababu jibu si kosa. Lakini mimi nimekulia Pemba, katika nyumba ambayo kubeba kulikuwa na kazi yake maalumu. Marehemu bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akimsikia mtoto anasema "nimebeba ndoo" humsimamisha pale pale: "Ndoo ina miguu ya kuning'inia mgongoni? Anayebebwa ni mtoto." Kila nikikutana na jibu lile la neno moja nasikia sauti yake, na nayahesabu kimoyomoyo maneno yaliyofunikwa chini yake.

Tuanze na tofauti yenyewe. Kiingereza kikisema fulani "is carrying" kitu, kimekwambia kwamba anacho na anakwenda nacho. Basi. Kiko kichwani, begani, kiunoni au kwapani? Ukitaka kujua, ongeza maneno mwenyewe. Kiswahili cha visiwani kinauliza kwanza mzigo umekaa wapi, kisha ndipo kinakupa kitenzi. Mama mwenye ndoo kichwani kajitwika. Mtoto akimfunga mgongoni au ubavuni kwa kanga, kamweleka. Akikaa kitako na kumweka mtoto yule yule mapajani, kampakata. Noti aliyoikunja akaichomeka kiunoni kaifutika, na sarafu aliyoibana ndani ya kiganja kaifumbata. Mumewe aliyeweka gunia begani kalipagaa. Akipitisha mti begani, mzigo mmoja ukaning'inia mbele na mwingine nyuma, huo ni mzegazega, na hata asiyemwona, akilisikia neno tu, anajua mabega ya mtu huyo yamekaaje na anatembea vipi.

Kiingereza kilifikaje kuwa na neno lisilojali mwili? Historia ya "carry" ina jibu zuri. Liliingia kutoka Kifaransa cha kaskazini, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na mizizi yake iko kwenye neno la Kilatini carrus, gari la magurudumu, ambalo Warumi nao walilipata kwa Wagauli. "Car" ni ndugu yake, "cargo" ni binamu yake, na "charge" imo katika ukoo huo huo. Kwa hiyo kabla "carry" haijamhusu mtu mwenye kitu mkononi, lilikuwa ni neno la gari: pakia hapa, shusha kule. Gari halina kichwa wala bega. Maneno yetu sisi yametoka mwilini, na kila kiungo kimejitafutia la kwake.

Na mji wetu mkuu umejengwa kwa vipimo vya mwili. Vichochoro vya Mji Mkongwe vingi havipitishi hata gari la ng'ombe. Friji likinunuliwa Darajani likatakiwa ghorofa ya tatu nyumba ya Shangani, mwisho wa safari yake ni migongo ya watu, ngazi baada ya ngazi. Hamali aliyezoea kazi hukunja gunia tupu pembe moja ndani ya nyingine, akalivaa kichwani likashuka hadi kiunoni, ili mzigo usimchubue shingo. Haoni pembeni, anaona hatua mbili tatu za mbele yake. Ndiyo maana zamani alikuwa akipiga ukelele wa "Simile! Simile!", neno lililotokana na Bismillahi, na kila mtu alikuwa anajibana ukutani, mkubwa kwa mdogo, bila kuuliza anayekuja ni nani.

Lakini kitenzi ninachokipenda kuliko vyote ni kutwika.

Msimu wa karafuu uliopita nilikuwa nateremka njia ya vumbi karibu na Mtambile. Jua lilikuwa limeshapanda. Chini ya mkarafuu amesimama mama mmoja mtu mzima, kanga yake ya pili keshaikunja na kuizungusha ikawa ngata, na ngata keshaiweka kichwani. Miguuni pake pana polo, yaani gunia kubwa, la karafuu mbichi, mdomo umefungwa kwa ukindu. Hakuna mtu mwingine njiani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watokea wapi?"

"Natokea hapo juu, kwa ami."

"Haya, nitwike."

Nikashika chini ya polo, yeye akashika masikio ya juu, akakunja magoti kidogo. "Bismillahi." Likapanda mara moja. Likayumba, akalituliza kwa kiganja, shingo ikanyooka, akashukuru kwa dua, akaondoka kwa hatua fupi fupi za haraka, mikono yote miwili imeachia. Alipokaribia nyumba za mbele nikamsikia anapaza sauti: "Njooni mnitue!" Wakatoka watoto wawili mbio.

Jaribu kulitafsiri lile neno lake moja. Kwa Kiingereza utahitaji sentensi nzima: nisaidie kuunyanyua mzigo huu, uuweke juu ya kichwa changu. Kwetu ni silabi tatu, na ndani yake wamo watu wawili. Polo lililojaa au ndoo iliyofurika si rahisi kujitwika peke yako. Unaweza, lakini utamwaga au utaumia. Neno lenyewe limeshakubali kwamba kuna mzigo ambao mwenyewe unaweza kwenda nao mbali sana lakini huwezi kuuanza wala kuumaliza peke yako. Unahitaji mtu mwanzo wa njia na mtu mwisho wa njia. Katikati ni wewe na shingo yako. Ndiyo maana ombi la "nitwike" halihitaji kujuana. Anaweza kuambiwa mpita njia, mwanafunzi anayerudi skuli, hata mtu mliyegombana naye jana, na sijapata kumwona aliyelikataa.

Mwenzake ni kutua, na hapa pana utajiri ambao tunaukanyaga kila siku bila kuuona. Kutua ni kuweka chini mzigo. Jua linapozama tunasema limetua. Ndege ikishuka pale Uwanja wa Abeid Amani Karume, imetua. Kutokana na kutua tukapata kituo, yaani pahala pa kutulia mizigo, pale msafara unapopumzika. Leo mtu anaposubiri daladala kwenye kituo, anatumia neno la watu waliokuwa wakitembea kwa miguu na mizigo mwilini. Na kutulia je? Kutulia kumetokana na kutua huko huko. Mtu aliyetulia, kwa asili ya neno, ni mtu aliyekwishatua. Ukimwambia mwenzio mwenye hasira "tulia", unamwambia aweke chini alichokitwaa. Sijui neno la Kiingereza linalofanya kazi hiyo kwa ukoo mmoja namna hii; huko kushuka kwa ndege, kituo cha basi na utulivu wa moyo hutafutiwa maneno matatu yasiyojuana.

Hata dua zetu zimelipokea neno hili. Aya ya mwisho ya Suratul Baqara, ambayo wengi wetu tumeihifadhi toka chuoni tukiwa wadogo, inamwomba Mwenyezi Mungu asitutwike tusiyoyaweza. Mwenye kuisikia kwa sikio la Kipemba haoni neno gumu la kitabuni. Anaiona ngata, anaiona shingo.

Kando ya kutwika kuna kupokea. Vitabu vya skuli vinasema kupokea ni "receive", na hapo hapo watoto wanafikiria barua na pesa za simu. Lakini mgeni akitokezea uwanjani na kikapu chake, kauli ya kwanza ya mama kwa watoto ni "Mpokeeni mgeni!", na maana yake ni mikono: mkimbilieni, chukueni alichonacho. Kumkaribisha kwa maneno kunakuja baadaye, na maji ya kunywa baada ya hapo. Mgeni aliyeingia mpaka ndani na mzigo wake mkononi, hata akipewa pilau, hajapokewa. Wanaume wanaliendeleza jambo hilo hilo kwenye jeneza. Hakuna anayelichukua kutoka msikitini hadi makaburini peke yake na wenzake watatu tu. Watu wanapokezana kila baada ya hatua chache, bega linaingia, bega linatoka, na jeneza halisimami. Kijana anayehudhuria maziko kwa mara ya kwanza hafundishwi kwa maneno. Anasukumwa taratibu mbele, anajikuta ubao uko begani mwake.

Mtoto naye ana msamiati wake, na kwa kweli hapo ndipo Kiingereza na Kiswahili vinapokaribiana kidogo. Mwingereza husema "she is carrying" akimaanisha mwanamke ni mjamzito, na sisi tunasema amechukua mimba. Lakini mtoto akishazaliwa tunaachana tena. Yule wa mgongoni ana kitambaa chake chenye jina, mbeleko, kutokana na kueleka. Wanaume wengi hawajui kwamba kitambaa hicho kiliingia mpaka kwenye ada za ndoa. Ukiacha mahari ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe, desturi za Waswahili zilikuwa na vitu vya wazazi wake: kilemba cha baba, mkaja wa mama, na ubeleko. Mkaja ni nguo ya kujifunga tumbo baada ya kuzaa. Ubeleko ni nguo iliyomshika mtoto mgongoni. Kwa maana nyingine, mwanamume anapokuja kumwoa binti yenu, anatakiwa akumbuke kwamba kuna tumbo lililomchukua binti huyo na mgongo uliomweleka, na vyote viwili vinatajwa kwa jina mbele ya wazee. Siku hizi vitu hivyo hugeuzwa pesa na kutiwa bahashani, na mara nyingi anayeitoa hajui bahasha ile ni ya nini. Naona ni hasara. Kama pesa ni lazima, basi angalau jina lisomwe na lielezwe.

Kupakata nitakupitia haraka kwa sababu kimepata bahati kuliko wenzake. Wataalamu wa istilahi waliitazama ile kompyuta inayowekwa mapajani wakaiita kompyuta mpakato. Mitaani watu wanasema laptopu, lakini mpakato unasomwa kwenye magazeti na nyaraka za serikali, na mimi nafurahi kila nikiuona, maana mtu aliyelitunga alijua kinachofanyika kwa mapaja.

Kupagaa kuna habari nzito zaidi. Kutoka humo tulimpata mpagazi, yule aliyetoka bara na pembe ya ndovu begani katika karne ya 19, mwendo wa miezi mpaka Bagamoyo, na pembe hiyo ikavushwa kuja Unguja kuuzwa. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, kama kilo 30 hivi, mbali na chakula chake na mkeka wake. Wanyamwezi ndio waliosifika kwa kazi hiyo, na usemi wa "mzigo mzito mpe Mnyamwezi" tunaousema leo kama maskhara ulitokana na mabega ya kweli yaliyochubuka kweli. Utajiri mkubwa wa majumba yetu yale ya milango ya nakshi ulipita juu ya mabega hayo, na ya watumwa, na mji haukuwahi kuwaandika majina.

Sasa tazama kitenzi hicho hicho kilipokwenda. Mtu aliyeingiwa na pepo tunasema amepagawa. Yaani pepo kakaa juu yake, na yeye ndiye aliyegeuka mchukuzi. Katika ngoma za pepo hapa Unguja, mtu ambaye pepo humpanda huitwa kiti. Maneno yote mawili yanasema kitu kimoja: kuna uzito umekalia mwili ambao si wake. Mkalimani akiandika "possessed" amesema kweli, lakini neno hilo la Kiingereza linazungumzia umiliki, la kwetu linazungumzia mabega. Ni imani mbili tofauti juu ya kinachompata mtu yule.

Kwa mizigo ya moyoni Kiswahili kilikwenda kuazima kwa Waarabu, na kiliazima kwa akili. Mzizi wa Kiarabu wa kuchukua mzigo, ambao pia ndio wa mimba, umetupa ukoo mzima. Hamali ni mtu wa mizigo. Kuhimili ni kuumudu uzito. Kustahimili ni kuumudu bila kupiga kelele. Mhimili ni kile kinachoshikilia paa lisituangukie, na leo Serikali, Baraza la Wawakilishi na Mahakama tunaziita mihimili ya dola. Ukiyaweka maneno hayo pamoja unaona kwamba yule mtu wa Malindi, bandarini hapa Unguja, mwenye gunia mgongoni na mheshimiwa aliyeketi barazani Chukwani wana jina la ukoo mmoja. Mwaka 1948 makuli wa bandari ya Unguja walipoweka mizigo chini na kugoma, mgomo ukaenea mji mzima, na watawala wa wakati huo wakaona nani hasa alikuwa mhimili.

Wala hatukutegemea kuazima peke yake. Kuchukua, neno letu wenyewe, nalo liliingia moyoni. Mke na mume wanaopatana, wazee husema wanachukuana. Mtu mwenye tabia ngumu, unaambiwa "mchukulie tu mwenzio". Hapa hakuna anayembeba mwingine. Wanagawana uzito wa kila mmoja, leo wewe, kesho mimi. Kiingereza kinalo "bear with", na hilo ni neno zuri, linakaribia sana. Lakini "bear with me" ya siku hizi husemwa na mtu anayetafuta faili ofisini wakati wewe umesubiri. "Tuchukuliane" husemwa na kadhi au na shangazi, baada ya ugomvi, watu wakiwa wamekaa kwenye jamvi na hakuna anayetazama saa.

Ni haki niseme na upande wa pili. Kiingereza hakina umaskini wa vitenzi. Kina "lug" na "haul" kwa mzigo unaomtesa mtu, kina "cradle" kwa mtoto aliyelazwa mikononi, na kina "shoulder", ambalo limelifanya bega lenyewe kuwa kitenzi. Mara nyingi kinachokishughulisha ni taabu: mzigo ni mzito kiasi gani, mtu anaona vipi, anavuta au anaburura. Kiswahili kinashughulishwa zaidi na mahali. Si kwamba mmoja ana akili zaidi. Kila lugha imechagua cha kuuliza kwanza.

Na katika kuchagua mahali hatuko peke yetu duniani, jambo ambalo lilinipa furaha kubwa nilipolisoma. Wakorea wanasema ida kwa mzigo wa kichwani, jida kwa wa mgongoni, meda kwa wa begani na deulda kwa wa mkononi. Mtoto wa mgongoni ana kitenzi chake, eopda, na wa kifuani ana chake, anda. Bibi yangu angekaa na bibi wa Kikorea wasingeelewana neno hata moja, lakini wangesahihisha wajukuu wao kwa makosa yale yale. Wachina nao wana tiao, ambacho ni mzegazega wetu hasa, mti begani na mizigo miwili, na wana bei kwa mgongo na kang kwa bega. Visiwa viwili vidogo vya Bahari ya Hindi na nchi hizo kubwa, zote ziliutazama mwili wa mtu anayefanya kazi zikaona tofauti zile zile. Halafu anatokea mtu anasema maneno haya ni ya kishamba.

Hiyo ndiyo hoja inayoniuma. Nimeambiwa na wenzangu ninaofundisha nao kwamba lugha hubadilika, kwamba maji sasa yako bombani na mizigo iko kwenye vespa na magari, kwa hiyo kujitwika na kupagaa kutakufa kwa sababu kazi zenyewe zinakufa. Nakubali kwamba lugha hubadilika. Sikubali kwamba kazi zimekufa. Nenda Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa. Kilimo cha mwani kilianza kuwa biashara pwani ile mwishoni mwa miaka ya 1980, yaani si jambo la kale, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani ukivunwa mbichi umejaa maji ya bahari, na polo lake moja linakufanya uzame kwenye mchanga. Linatoka kule shambani hadi ufukweni vipi? Sehemu kubwa ni kichwani. "Nitwike" inasemwa pale leo hii, na itasemwa kesho asubuhi maji yakikupwa tena. Kilichobadilika ni kwamba binti wa mama huyo, akiulizwa darasani mama yake anafanya nini na lile polo, ataandika "anabeba", kwa sababu hilo ndilo neno lililoko kwenye orodha ya Kiingereza na Kiswahili aliyopewa kukariri. Neno la ufukweni halikuuawa na bomba la maji. Liliachwa nje ya mlango wa darasa.

Na madhara yake si ya wapenzi wa lugha peke yao. Jirani yangu mmoja alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Akarudi nyumbani na karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, imeandikwa: usibebe vitu vizito kwa wiki sita. Mama yake, mtu wa Micheweni, aliisikiliza ikisomwa, akafikiri, akauliza swali la maana kabisa: "Na kujitwika je?" Kwa Kiswahili chake, karatasi ile ilikuwa imemkataza binti yake kuweka kitu mgongoni. Juu ya ndoo ya kichwani ilikuwa haijasema kitu. Ingetosha kuandika: usinyanyue, usijitwike, usieleke mtoto, usipagae. Maneno machache zaidi, na kila mwanamke kisiwani angejua kilichokatazwa. Wanaotafsiri maelekezo ya afya ningewasihi waanze na mwili wa msomaji, waone mzigo wake unakaa wapi, kabla ya kufungua kamusi.

Kubeba kwenyewe sikuchukii, isije ikadhaniwa. Ni neno zuri mahali pake, na limezaa methali ninayoipenda: mbebwa hujikaza. Mtoto wa mgongoni naye ana wajibu, ashike shingo, abane miguu, asijiachie. Washabiki wa mpira wamelichukua neno hilo wakalipeleka kwao: timu inayopendelewa na mwamuzi "inabebwa", na ikizidi wanasema imepewa mbeleko. Nawashukuru kwa hilo. Kijana wa Kikwajuni ambaye hajapata kuona mbeleko ikifungwa analijua neno kwa sababu ya penalti ya utata, na neno likiwa hai mdomoni, siku moja atauliza lilitoka wapi. Hali kadhalika waandishi wa michezo wanaosema timu "imetia kibindoni" pointi tatu. Kibindo ni lile pindo la nguo kiunoni ambamo mtu alifutika fedha zake. Suruali zilikuja na mifuko, kibindo kikahamia kwenye msimamo wa ligi.

Mwaka huu nimebadilisha namna ninavyofundisha neno "carry". Siandiki tena ubaoni neno moja upande wa pili. Nawachorea wanafunzi watu: mwanamke mwenye ndoo, mzee mwenye mtungo wa samaki mkononi, hamali, mtoto na juzuu lake kwapani. Nawataka waseme kila mmoja anafanya nini kwa lugha ya nyumbani kwao, wakaulize mabibi kama hawajui, na baada ya hapo ndipo tunasema kwamba Mwingereza wote hawa anawaita kwa neno moja, na tunajifunza akitaka kutofautisha anaongeza maneno gani. Kiingereza chao kimekuwa kizuri zaidi kwa njia hiyo, maana sasa wanajua neno "carry" halisemi nini, na kwamba "on her head" si pambo la sentensi.

Katika michoro yangu kulikuwa na mmoja ulionishinda mwenyewe. Ni mwanafunzi mwenye begi la skuli, lile la mikanda miwili mgongoni. Halikuwepo zama za bibi yangu. Si kueleka, maana hakuna mbeleko. Si kupagaa, maana uzito uko mgongoni. Nikawauliza darasa zima nikitegemea kusikia kubeba, na kwa dakika moja nilikuwa tayari kulikubali. Binti mmoja wa mbele akanitazama kama anayeshangaa kwamba naona ugumu.

"Mwalimu, huyo kavaa begi."

"Na akilishika mkononi?"

"Basi hajalivaa. Kalishika."

Wenzake wote wakaitikia kwamba ndivyo wanavyosema.